Barua Yako Nimepokea

Kalemie, tarehe 6 Mei 2024

Papa Hubert,

Nakusalimia wewe, Mama Clémentine, na wachezaji wote wa Kabimba.

Anayekuandikia ni Carmel, mtoto wa kwanza wa Kalenga. Unanijua. Mwaka jana baada ya mchezo nilikuletea maji, ukaniuliza kama najua kusonga ugali wa muhogo, nikakujibu najua, na fimbo pia najua. Ulicheka sana. Mimi sikucheka.

Papa ameacha mchezo. Goti lake la kulia limemkatalia kabisa, na safari hii amekubali mwenyewe bila kugombana na daktari. Kwa hiyo siku ya Petro na Paulo mwezi ujao, mtakaposhuka botini na fimbo zenu, Kalemie haina mtu wa fimbo ya mwisho, wa kusimama mbele yako. Wanaume wa kiwanja wamemtaja binamu yangu Papy. Papy ni mtu mzuri, sauti yake ndiyo inayobeba kwaya, lakini akishika fimbo utadhani anatafuta nyoka chini ya kitanda. Nampiga kila Jumapili nyuma ya nyumba baada ya misa, na yeye mwenyewe hakatai.

Nimeomba nisimame mimi. Papa Salomon, anayeongoza kiwanja tangu goti la Papa liharibike, amejibu hivi: "Mutoto mwanamuke haiko muchezaji. Njo mwisho wa maneno."

Sio mwisho wa maneno, kwa sababu sheria iko. Mwenye fimbo ya mwisho wa upande mmoja anakubaliwa na mwenye fimbo ya mwisho wa upande wa pili. Wewe ukisema ndiyo, Salomon hana la kusema.

Usidhani sijui mchezo. Papa alinifundisha kwa sababu alikosa mtu wa kufanya naye mazoezi uani, halafu akasahau kuacha. Najua kwamba hakuna mwamuzi. Aliyeguswa na fimbo anasema mwenyewe "nimepokea", na mchezo wa mwisho unakwisha kwa neno hilo moja. Najua pia kwamba nje ya kiwanja neno hilo halitoki mdomoni mwa mchezaji. Ninafanya kazi kwenye depo ya saruji bandarini, na kila boti ya Kabimba ikifika, patron anataka niandike "nimepokea" chini ya karatasi ya mizigo. Mimi naandika "imefika". Ameshanigombeza mpaka amechoka. Papa naye akitoka kwenye meza ya Bwana hasemi amepokea, anasema amekomunika. Hiyo ndiyo nyumba niliyolelewa.

Sikukupigia simu, maana mwito wa fimbo unabebwa kwa mkono. Huu unaletwa na Ulrich wa boti. Nakuomba jibu, na nakuomba liwe ndiyo. Kiwanja cha zamani ziwa limekimeza, siku hizi tunacheza nyuma ya stesheni. Nakuambia mapema usije ukapotea njia.

Carmel Kalenga

*

Kabimba, tarehe 14 Mei 2024

Carmel, mtoto wa Kalenga,

Barua yako nimepokea. Sisi wote hapa ni wazima, tunamshukuru Mungu, tunatumaini nanyi ni hivyo.

Anayesema ni mimi Hubert, anayeandika ni Mama Clémentine. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi na mkono wake unasomeka. Mkono wangu umezoea kuvunja mawe ya chokaa, na herufi zangu zinafanana na hayo mawe. Mimi nasema mara moja, yeye anaandika mara moja, na nikishasema sirudi nyuma kusoma.

Jibu ni hapana.

Usikasirike. Nisikilize kwanza. Mimi na baba yako tumepigana kwa fimbo tangu tukiwa hatuna ndevu. Nimempiga, amenipiga, tumekula samaki pamoja jioni. Sasa nisimame mbele yako wewe? Nikikupiga, mama yako Viviane hatanipa tena chakula, na watu watasema Hubert amezeeka, anatafuta watoto wa wenzake. Ukinipiga, na hilo halitatokea, sitakunywa tena pombe yangu kwa amani mahali popote kati ya Kabimba na Kalemie. Kwa njia zote mbili mimi ndiye ninayepoteza. Mtu mwenye akili hakubali mchezo wa namna hiyo.

Unasema unajua fimbo. Nakuamini. Mtoto wa Kalenga hawezi kukosa kuijua. Lakini kujua uani na kusimama mbele yangu ni vitu viwili. Mimi sijasema lile neno tangu mwaka ambao baba yako alinigusa begani, na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha.

Mleteni Papy. Nitamshika polepole, nimrudishe kwenye kwaya akiwa mzima.

Msalimie baba yako. Mwambie goti alipake mawese ya moto.

Hubert
(kwa mkono wa Mama Clémentine)

*

Kalemie, tarehe 20 Mei 2024

Papa Hubert,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama bandarini, halafu nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nikausoma tena mstari wa kwanza. Nilicheka mpaka patron akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Papa Hubert, umeandika ukurasa mzima wa hapana, lakini kabla ya hapana uliandika neno. Uliniandikia mimi.

Nilikwenda nayo moja kwa moja kiwanjani. Wanaume wote walikuwepo, wanapaka fimbo mafuta. Nikamwambia Papa Salomon, jibu la Kabimba hili hapa, soma mbele ya watu. Alisoma kwa sauti yake ile ya kusoma matangazo kanisani. "Barua yako nimepokea." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Papa yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na goti lake, akasema: "Rudia." Salomon akarudia. Papa akamwambia arudie tena. Nadhani hata sasa angependa kurudiwa.

Basi hapo kiwanja kilipasuka. Watu walianguka chini kwa kicheko. "Hubert amepokea! Hajashika hata fimbo, amepokea!" Salomon alitoka mbio, na kabla ya mimi kufika nyumbani soko lote lilikuwa linajua. Mama Agathe wa samaki, ambaye hajawahi kuona mchezo hata siku moja, aliniuliza nilikupiga sehemu gani.

Nilingoja wachoke kucheka. Kesho yake nikarudi, nikamwuliza Papa Salomon mbele ya wote: "Papa Hubert amepokea kwa nani?" Akasema: "Kwako." Nikamwuliza: "Muntu anaweza kupokea kwa asiye muchezaji?" Ukigongwa na tawi la mti husemi umepokea, unasema umeumia. Neno hilo mtu anamwambia mchezaji mwenzake tu. Nikawaambia wachague. Kama mimi sio mchezaji, basi Papa Hubert hakupokea, warudi sokoni wakakanushe mmoja mmoja. Kama amepokea, basi mimi ni mchezaji.

Mmoja akajaribu kusema labda ni salamu tu, barua zote za watu wa kawaida zinaanza hivyo. Salomon alimtazama kana kwamba amemwibia kuku. Kicheko kile alikuwa amekwisha kukisambaza mpaka kwa ndugu zake wa Nyunzu, hakuweza tena kukirudisha. Akasema: "Carmel njo atasimama."

Kwa hiyo, Papa Hubert, fimbo ya mwisho ya Kalemie ni mimi. Najua huwezi kukaa na neno hilo mgongoni. Njoo ulioshe.

Papy anakusalimia. Amefurahi kuliko mimi.

Carmel Kalenga

*

Kabimba, tarehe 25 Mei 2024

Carmel,

Nimesomewa barua yako mbele ya mlango wangu, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akasikia yote. Sasa kule machimboni vijana hawanisalimii tena jambo. Wananiuliza: "Papa, umepokea?" Hata wasiojua mchezo wanauliza.

Mimi sikusema neno hilo. Nilianza kusema kwenye "Anayesema ni mimi Hubert". Yaliyo juu yake yamewekwa na aliyeshika kalamu. Nimemwuliza. Ananiambia barua yoyote ya mtu mstaarabu inaanza hivyo, kwamba aliwafundisha watoto wa Kabimba yote kuanza hivyo, na kwamba kama nilitaka kuanza namna nyingine ningeandika mwenyewe. Anasema anaomba radhi. Haombi radhi. Nimemsikia anacheka jikoni.

(Sikucheka. Nilikuwa na moshi machoni. Clémentine.)

Umeandika nini hapo, Clémentine? Endelea.

Ninakuja. Siku ya Petro na Paulo nitashuka Kalemie na nitasimama mbele yako, kwa sababu mmenifunga na sina njia nyingine. Sitapunguza mkono. Usije ukafikiri nitakuonea huruma kwa kuwa nilikula ugali wa mama yako.

Lakini nataka ujue jambo moja, na ulijue kabla sijafika. Mimi sikukuita mchezaji. Neno hilo halikutoka kwangu, na wewe umelichukua na kupanda juu yake. Siku hiyo utakuwa umesimama juu ya kosa la karani. Watu watakuona mrefu, lakini mimi nitajua umesimama juu ya nini.

Hubert
(kwa mkono wa Mama Clémentine, ambaye nimemkataza kuweka salamu)

*

Kalemie, tarehe 3 Juni 2024

Mama Clémentine,

Nakuandikia wewe mwenyewe, na Ulrich nimemwambia aiweke barua mkononi mwako, isipitie kwa Papa Hubert.

Barua yake ya mwisho imeniuma. Nilikwisha kuzoea matusi ya Papa Salomon, yale yananipita. Hili la kosa la karani halinipiti. Nafanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi, mkono unakwenda vizuri, halafu maneno hayo yananirudia na fimbo inakuwa nzito.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama, na nakuomba unijibu bila kunibembeleza. Ulipoandika mstari ule, ilikuwa mazoea ya shule tu? Kama ni mazoea, nitakwenda kiwanjani, nitamrudishia Papa Hubert neno lake mbele ya watu wote, na Papy atasimama. Nitalia, lakini nitafanya hivyo. Sitaki kitu nilichookota. Nataka kusimama pale kwa sababu ninaweza, na kwa sababu aliye mbele yangu anajua ninaweza.

Papa anasema nisikuulize. Anasema kitu kikishaingia mfukoni hakiulizwi kimetoka wapi. Nampenda Papa, lakini katika hili hatufanani.

Wako,
Carmel

*

Kabimba, tarehe 9 Juni 2024

Carmel mwanangu,

Nimefurahi kupata barua iliyo yangu mwenyewe. Tangu niolewe mimi ni mkono tu. Watu wananiandikia "msomee Papa" na "mwambie Papa".

Unaniuliza kama ni mazoea. Nikusimulie kitu, kisha ujijibu.

Siku ya ndoa yetu kanisa lilijaa wachezaji. Kabimba walikaa kushoto, Kalemie kulia, na baba yako alikuwa mbele kabisa na suruali ya kuazima. Unajua maneno ya ndoa yalivyo. Padri alimwambia Hubert aseme baada yake: "Mimi Hubert ninakupokea wewe Clémentine kuwa mke wangu." Hubert akanyamaza. Padri akarudia, akidhani bwana harusi ana woga. Nikaona jasho linamtoka. Nikamkanyaga mguu. Ndipo akasema, "Ninakupokea," na upande wote wa kulia wakapiga kelele kama watu waliofunga bao. Baba yako alisimama juu ya benchi. Padri alikasirika, hajaelewa mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimeishi katika nyumba ambayo neno hilo halisemwi. Mgeni akileta kuku, tunasema kuku amefika. Nikitumiwa nguo na dada yangu, imefika. Watoto wangu walipigwa makofi shuleni na walimu wenzangu kwa kukataa kusoma neno hilo ubaoni. Sasa wewe niambie, mwanamke wa namna hiyo anaweza kuliandika bila kuliona?

Sisemi zaidi. Hubert akikuuliza nilikuambia nini, mwambie nilikuandikia namna ya kukausha samaki wa ndagala.

Ila usirudishe kitu. Na nikuambie jambo ambalo yeye hatakuambia. Alipokuwa ananisemea lile hapana lake, alikuwa anatembea chumbani na mkono wake unacheza hewani. Kwa ajili ya Papy hajawahi kuuchezesha. Tangu barua yako ya pili anaamka kabla yangu, namsikia nyuma ya nyumba anahema. Amekata fimbo mpya ya mpera, ameikausha juu ya moto wa jiko langu mpaka maharage yangu yamenuka mpera. Karibu na ncha kuna kifundo, nikataka kukichonga, akanikataza, anasema kinaipa uzito. Mtu hakati fimbo mpya kwa ajili ya kosa la karani.

Mimi pia niliwahi kushika fimbo, nyuma ya nyumba ya baba yangu, na kaka zangu. Nilikuwa mzuri. Hakuna mtu aliyeniandikia wala niliyemwandikia.

Usiniulize anaanzia upande gani. Mimi ni wa Kabimba na ninataka mume wangu ashinde.

Mama Clémentine

*

Kabimba, tarehe 3 Julai 2024

Carmel,

Nakuandikia kuhusu siku ya Petro na Paulo.

Mimi nimecheza maisha yangu yote. Fimbo yangu ikigusa mwili, mkono wangu unajua. Jumamosi, wewe ulipogeuka na vumbi likapanda, fimbo yangu ilipita chini ya mkono wako na nikasikia kitambaa. Kitambaa tu, lile shati kubwa la baba yako ulilolivaa. Mwili sikuusikia. Watu wako hawakuona kitu, watu wangu hawakuona kitu. Wote walikuwa wanaitazama fimbo yako, maana ilikuwa inanijia shingoni na sikuwa na mahali pa kwenda. Nakuambia hilo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Na hapo wewe ukasimamisha mkono, ukasema "nimepokea".

Unafikiri sikuelewa? Ulimwona mzee wa watu anahema, ukakumbuka anavyochekwa machimboni, ukampa zawadi ili arudi kwake na heshima. Ndiyo maana sikukunyoshea fimbo tuishike pamoja, kama inavyopaswa mtu akishasema neno. Niliingia botini bila kula. Mama Viviane anisamehe, samaki wake nilimwona.

Kabimba wananiimbia kwamba nimeshinda. Mimi sitaki. Kama ulitaka kunipiga, ungenipiga, ningesema neno langu, ningelisema kwa sauti. Huruma sikuiomba. Afadhali ile aibu ya kwanza, ile angalau ilikuwa kosa.

Hubert
(kwa mkono wa Mama Clémentine. Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno.)

*

Kalemie, tarehe 9 Julai 2024

Papa Hubert,

Barua yako imefika, na nimekasirika vizuri sana. Sasa usikilize wewe.

Fimbo yako ilinigusa. Ilinigusa chini ya mbavu za kushoto, nilipoinua mkono ili nikumalize. Ulisikia kitambaa kwa sababu shati la Papa lilikuwa limejaa upepo, na mimi ndani yake niko mwembamba, lakini ncha ilifika. Mama Viviane amenikanda kwa maji ya chumvi toka Jumapili. Jumatatu bandarini sikuweza kuinua hata daftari, patron akaniambia nikakae kivulini, mara yangu ya kwanza kusikia neno zuri kutoka kwake. Alama ni ndefu kama pilipili, nyekundu, sasa inageuka ya kijani. Na mwishoni kabisa, Papa Hubert, kuna doa la mviringo. Nimelitazama kwenye kioo. Ni kifundo. Fimbo yako mpya ina kifundo karibu na ncha, na doa hilo lingetoka wapi kama hakijanifikia? Mama Clémentine akitaka nitamwonyesha, wewe hapana.

Hakuna aliyeona. Hilo nalijua kuliko wewe, kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati ya kelele. Watu wa Kalemie walikuwa wamekwisha kuruka juu, walidhani nimeshinda. Nilikuona unafungua mdomo. Papa Salomon alikuwa karibu nami, aliona uso wangu unakunjana, akaelewa, akaninong'oneza: "Nyamaza, Carmel. Hapana muntu ameona." Ningenyamaza kidogo tu, muda wa kumeza mate, fimbo yangu ingekugusa na ungesema wewe. Kalemie ingeshinda na jina langu lingeimbwa mpaka Niemba.

Nilisema kwa sababu niliguswa. Hakuna sababu nyingine. Sikukuonea huruma, Papa Hubert, sikuwa na nafasi ya huruma, nilikuwa naumia. Wewe uliniandikia kwamba nimesimama juu ya kosa la karani. Nilikuja pale kukuonyesha kwamba sio kweli, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kukuonyesha ni hicho. Mtu asiye mchezaji angenyamaza.

Kiwanja kilinikasirikia siku mbili. Siku ya tatu Papa Salomon alikuja nyumbani, akakaa na Papa muda mrefu, akaondoka. Mlangoni akaniambia, "Jumapili uje ufundishe Papy kukinga." Kwa Salomon hiyo ni hotuba.

Papa amelikunja lile shati mwenyewe na kuliweka kwenye sanduku lake pamoja na suruali za kanisani.

Kwa hiyo umeshinda, utake usitake. Mimi nimesema neno langu na silirudishi. Kinachoniuma sio mbavu. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama pale na mkono wazi, watu wote wananitazama, na wewe hukuninyoshea fimbo. Hilo nalidai kwako.

Carmel Kalenga

*

Kabimba, tarehe 15 Julai 2024

Carmel,

Barua yako nimepokea.

Hii ni mukono yangu mwenyewe, hapana ya Clémentine. Anasimama ku mulango anauliza naandika nini, simwambie. Neno ile ya mustari wa kwanza nimeandika miye, nimerudi nimesoma mara mbili, iko vile nilitaka. Somea Salomon, somea soko yote kama unataka.

Fimbo haujaishika. Iko hapa nyuma ya mulango, kifundo sijatosha, iko pale pale. Kuja uishike.

Hubert